Fankisheni, Pilau na Kiwanja cha Bweni

Ninyi walimu vijana mnaokwenda kufundisha fankisheni muhula huu, kwanza kuleni. Sitanii. Mwalimu wa hisabati mwenye njaa hujaza ubao mzima, akageuka, akauliza, "Mmeelewa?" Na darasa, nalo lina njaa, hujibu, "Ndiyo, Madam," ili kengele igongwe watu waende zao. Nimejibiwa "ndiyo, Madam" maisha yangu yote ya kazi, na ndiyo za kweli ndani yake zilikuwa chache kama nyama kwenye mchuzi wa shule.

Mimi ni Madam Hiza. Wanafunzi waliniita Madam Inversi, wakidhani sijui. Nilizaliwa Maramba, mtoto wa wakata mkonge, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko wanaoimba ya kwanza, na miaka yangu mingi nimefundisha sekondari moja ya upande wa Mwera, Pangani. Sasa nimestaafu. Miwani nasahau nimeiweka wapi, hata ikiwa usoni. Fankisheni sijasahau, kwa sababu siku moja fankisheni ya mmoja kwa mmoja nusura itunyime bweni la wasichana. Nitafika huko. Sijawahi kufika mahali kwa njia ya mkato, waulizeni wanafunzi wangu.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Kassim, mtu wa Tanga mjini, mwembamba, mwenye kikohozi alichokitumia badala ya maneno. Nilipoanza kazi alikuja kukaa nyuma ya darasa langu. Nikafundisha maana ya fankisheni kama ilivyo kitabuni, neno kwa neno, kwa mwandiko wa kupendeza. Kipindi kilipoisha akakohoa.

"Hiza, hicho ulichowapa kinalika?"

"Mwalimu, hisabati hailiki."

"Basi kesho hawatakuwa nacho."

Nilikasirika usiku kucha. Asubuhi nikaamua kumkomoa. Somo lilikuwa kinyume cha fankisheni, yaani inversi, kurudi ulikotoka: namba iliingia ikafanyiwa hatua kadhaa ikatoka nyingine, sasa wewe uirudishe ilivyokuwa, ukianza kutengua hatua ya mwisho. Nikaja darasani na nazi, kifuo cha kuifulia na mbuzi ya kuikunia. Nazi ikafuliwa, ikavunjwa, ikakunwa, ikakamuliwa, na darasa likashangilia kila hatua kama mpira. Nikasimama mbele ya bakuli la tui kwa mbwembwe.

"Haya, turudi nyuma. Hatua ya mwisho ilikuwa ipi?"

"Kukamua, Madam!"

"Tuitengue."

Wote wakalitazama tui, nami nikalitazama. Mvulana mmoja wa Kidigo, mpole kweli, akanyoosha kidole.

"Madam, samahani. Tui halirudi nazi."

Nje ya dirisha nikasikia kikohozi. Mwalimu Kassim alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kicheko. Nilipomaliza kuona haya akaniambia, "Hilo ndilo somo lenyewe. Si kila fankisheni ina kinyume. Rudi ndani ulimalize." Nikarudi, nikalimaliza, na tui tukalipikia wali. Lile darasa, mpaka leo nikikutana nao Tanga sokoni, huniambia kabla ya salamu kwamba tui halirudi nazi.

Kwa kinyume kinachorudi, tumieni soksi na kiatu. Unavaa soksi kisha kiatu. Kuvua unaanza na kiatu. Yupo atakayebisha. Mwambieni aanze na soksi, darasa litazame.

Na mjihadhari na ile hasi moja ndogo inayokaa begani kwa f. Wanafunzi huidhani ni kipeo, wakaipindua fankisheni miguu juu. Nilitoa mfano: mbili x jumlisha moja, yote juu ya x toa tatu. Nikataka kinyume chake. Darasa zima likaniletea x toa tatu juu ya mbili x jumlisha moja, na sura zao zimetulia kabisa. Nikawaambia, "Wanangu, mtu akikwambia rudi nyumbani, hutembei kwa mikono." Iite y, zidisha, kusanya x upande mmoja, toa, ndipo utapata tatu x jumlisha moja juu ya x toa mbili. Msiniamini. Tieni nne kwenye ile ya kwanza, inatoka tisa. Tieni tisa kwenye kinyume chake, inarudi nne. Ikirudi namba nyingine, mmepotea njia, na afadhali mgundue ninyi kabla ya msahihishaji.

Siku hizi mna simu zinazochora grafu zenyewe. Vizuri. Lakini simu ikichora ile fankisheni yangu, pale x ilipo tatu grafu hupanda juu kana kwamba imeona nyoka, kwa sababu hapo unagawanya kwa sifuri. Hubaki mstari wima ambao grafu huusogelea, huusogelea, haiugusi. Mstari huo si wa kidato cha tatu, niliwapa tu kwa uchu wangu. Nikawauliza, kitu gani mnakisogelea lakini hamkigusi?

Msichana mmoja nyuma akasema, "Mkwe, Madam."

"Fafanua."

"Kaka yangu akimwona mama mkwe njiani anatoka kando. Kila akikaribia anazidi kuinama. Hamgusi hata siku moja."

"Na upande wa pili wa mstari, grafu inakoshuka?"

"Huko yuko baba mkwe. Anadai mahari."

Darasa likaangua kicheko, nami nikamwandika msichana yule moyoni. Aliitwa Mwanakombo. Baba yake, Mzee Salimu, ni mkwezi wa minazi katika kijiji cha mbali, mbali mno kwa kutembea kila siku. Kwa hiyo Mwanakombo aliishi geto. Kama wewe umesoma bweni hujui geto: ni chumba cha kupanga karibu na shule, wasichana watatu, jiko moja la mkaa, godoro moja zuri na mawili ya kugombania, na hakuna mtu mzima wa kuuliza umekula nini wala umerudi saa ngapi. Wengi walipita humo wakamaliza salama. Wengine hawakumaliza. Majina yao yaliitwa asubuhi, hakuna aliyeitikia, sisi walimu tukatazamana, na siku zikapita.

Mzee Salimu akaja shuleni na kamba yake ya kukwea begani.

"Mwalimu, mie sina ugomvi na shule. Lakini mwakani kama hakuna bweni, mwanangu namrudisha. Chumba cha kupanga si mahala pa kulea mtoto wa kike."

Nilitaka kumbishia. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Bweni lilihitaji kiwanja, na kiwanja cha pekee kilichopakana na shule kilikuwa cha ukoo wa Mzee Bwanaheri. Mkuu wetu wa shule, mtu wa bara, mchapakazi, mgeni wa pwani, alitaka kuwaandikia barua. Tukamwambia mkono mtupu haulambwi. Wazee waitwe, wale pilau, kisha waombwe kwa heshima. Akakubali, akanipa mimi kazi ya chakula, nami nikaunda kamati ya wanafunzi, katibu wake Mwanakombo.

Sasa sikilizeni kosa linavyozaliwa kwa nia njema. Kwenye mahafali yaliyopita tulipakua kwenye masinia, kama harusi yoyote ya huku, na katika vurugu wazee wawili wakaondoka hawajala. Tulikuja kujua baadaye, kwa masimango. Mwanakombo hakutaka hilo litokee tena. Akaja na mpango.

"Madam, sinia lina watu sita. Ukimjua mtu unajua sinia lake, lakini ukiliona sinia hujui nani kala nani hajala. Si ya mmoja kwa mmoja, haina kinyume. Sasa, kila mgeni tumpe namba, na sahani yake iwe na namba hiyohiyo. Sahani ikirudi tupu, tunarudi nyuma, tunamjua aliyekula. Sahani isiporudi, tunajua nani bado."

Ndugu zangu, mwalimu anaishi miaka akingoja mwanafunzi mmoja atoke na somo mlangoni bila kuliacha kwenye dawati. Nilivimba kichwa. Nilimkumbatia. Nikaazima sahani mitaa yote, tukabandika vipande vya plasta, tukaandika namba kwa kalamu nene. Nimekula kwenye masinia ya watu wa pwani nisiyoweza kuyahesabu, na siku ile hata moja halikunijia akilini. Mimi nililelewa kambi ya mkonge, kila mtoto na bakuli lake. Na Mwanakombo, mtoto wa hukuhuku, nilipomuuliza baadaye alisema, "Nlidhani shuleni ni shuleni, Madam."

Wazee wakaja Jumamosi baada ya adhuhuri, kanzu zimepigwa pasi, wakaacha makubazi pembeni ya mikeka, wakakaa. Vijana wetu wakawagawia vikadi vya namba. Wakavipokea kwa adabu wakidhani ni vya mchezo wa wanafunzi. Wakanawishwa. Kisha zikaja sahani, tumezipanga juu ya masinia kuzibebea, kila moja na plasta yake, pilau imepimwa sawasawa, pande la nyama juu. Mimi nilisimama mlangoni pa jiko na upawa, nikiona fahari.

Mzee Bwanaheri akaitazama sahani iliyowekwa mbele yake. Akawatazama wenzake, kila mmoja na yake. Hakugusa.

"Nani kakwambieni mie mgonjwa?"

Akainyooshea sahani kidole.

"Kwetu sie anayetengewa sahani ni mgonjwa. Au mwenye maradhi ya kuambukiza. Sasa ndugu zangu hawa wote wanaumwa?"

Mzee wa pembeni yake akageuza kile kikadi. "Si ugonjwa, yakhe. Wanaogopa tutanyang'anyana nyama. Ndo maana wamepima, wakatia na namba."

Kitumbua kikawa kimeingia mchanga. Mkuu wa shule, masikini, akaona aokoe jahazi.

"Wazee wangu, hii ni heshima. Hata kwenye hoteli kubwa watu wanakula hivi."

"Basi nenda hoteli," akasema Mzee Bwanaheri, "ukawaombe kiwanja."

Akaanza kuyatafuta makubazi yake kwa mguu. Wengine wakajikusanya kanzu. Akilini nilimwona Mzee Salimu na kamba yake, nikaona geto, nikaona mwakani, na mkononi nina upawa.

Mwanakombo akatoka. Akapita mbele yangu na sinia tupu, lile kubwa kuliko yote. Akapiga magoti kwenye mkeka, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, babu."

Mguu wa mzee ulikuwa umeshalifikia kubazi. Lakini shikamoo ya mtoto huwezi kuiacha hewani. "Marahaba."

"Naomba sahani yako."

Akampa. Mwanakombo akaimwaga pilau kwenye sinia. Akageukia wa pili. "Na wewe, babu." Wa tatu. Wa nne. Pilau ikarundikana, nyama zikajichanganya, zabibu zikaenda zilikotaka. Nilikuwa nimemsogelea bila kujijua, na mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia wakati wa shida, ukanong'ona:

"Mwanakombo, unaharibu fankisheni."

"Naiharibu makusudi, Madam," akanong'ona naye, akamwaga sahani ya sita.

Akalisukuma sinia katikati yao. Mzee Bwanaheri akakiinua kile kikadi.

"Na hiki kilikuwa cha nini?"

"Mwaka jana wazee wawili waliondoka hawajala, babu. Tuliona haya. Tukatafuta njia ya kumjua ambaye hajala."

"Na sasa, ulivyochanganya, utamjuaje?"

"Sitamjua, babu. Mtajuana wenyewe."

Mzee akakiweka kikadi chini, akasogea, akakunja mkono wa kanzu, akasema bismillahi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua pande la nyama lililokuwa upande wake akalisukuma mbele ya yule aliyekuwa amesema watanyang'anyana. "Kula wee, uliyeogopa kunyang'anywa." Wakacheka. Vijana wakakimbia na masinia mengine, sahani zikamwagwa mkeka mzima, na mimi nikarudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa na sketi yangu nzuri ya kanisani.

Ninyi mtakaofundisha sura hii, andikeni pembeni ya kitabu: fankisheni ya wengi kwa mmoja si fankisheni mbovu. Kitabu kinaisema kama mtoto aliyefeli, kwa kuwa haina kinyume. Kuna mambo hayatakiwi kuwa na kinyume. Mkishakula pamoja, hakuna awezaye kusema punje ipi ilikuwa ya nani, na wazee wale walitaka hasa hilo. Mimi na shahada yangu ya ualimu nilitaka kuwapa risiti.

Baada ya kunawa, Mkuu wa shule akakaa kimya, ndiyo busara yake kubwa ya siku ile. Mzee Bwanaheri ndiye aliyeanza.

"Wee binti, mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Salimu, mkwezi."

"Kule? Na hapa unalala wapi?"

"Tumepanga chumba, babu. Tuko watatu."

"Na nani?"

"Wenzangu wanafunzi."

"Mtu mzima nani?"

Mwanakombo akaanza kukusanya vikadi. Wazee wakatazamana, na ule utani wa sinia ukaisha. Nadhani walijua kwamba geto zipo. Mtaa mzima ulijua. Lakini hawakuwahi kumuuliza mmoja wao uso kwa uso.

"Kiwanja chukueni," akasema Mzee Bwanaheri, akimwambia Mkuu wa shule bila kumtazama. "Ila bweni halisimami kwa wiki. Hawa mpaka hapo walale wapi?" Akamnyooshea Mwanakombo kidole. "Huyu atalala kwangu. Mke wangu yupo, chumba cha mabinti zangu kitupu, wote wameolewa."

"Na mie nipeni mmoja," akasema yule wa nyama.

"Mie nna vyumba viwili, nitachukua wawili."

"Hapana," akasema Mzee Bwanaheri. "Kila nyumba mtoto mmoja. Ukipewa wawili utasema nilidhani yuko na mwenzie. Mmoja, tumjue wetu."

Nilikuwa nimerudi mlangoni. Nilisikia kila neno. Kila msichana nyumba moja, na hakuna nyumba yenye wasichana wawili. Nilitaka kupiga kelele: mmoja kwa mmoja! Nilimtazama Mwanakombo, naye alikuwa tayari ananitazama, amepandisha nyusi, anajizuia kucheka mbele ya wazee. Nikauma upindo wa kanga niliyojifunga jikoni.

Jioni ile wasichana wa geto walitoka na magodoro vichwani, kila mmoja nyuma ya mzee wake. Wawili waligombana kuhusu ndoo ni ya nani. Bweni lilichukua muda kusimama, kama majengo yote ya shule, na Mwanakombo alimaliza kidato cha nne akiwa bado kwa Mzee Bwanaheri. Baba yake hakuja tena kumrudisha. Alikuja na madafu.

Wiki chache baada ya pilau ile, asubuhi kabla ya kengele, nilimkuta mama mmoja mtu mzima langoni, amejitanda kanga, amesimama wima kama aliyeitwa na mahakama. Hakuwahi kukanyaga shule yetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndo mwalimu wa hesabu?"

"Ndiye mimi."

"Mie mke wa Bwanaheri. Nimekuja kukwambia mtoto wetu ana homa. Leo haji. Nimempa uji, kautapika, nimempa tena. Msimwandike mtoro."

Miaka yote ya geto nimeita majina. Hakuna siku hata moja mtu alikuja langoni kuniambia ambaye haitikii yuko wapi. Nikafungua mdomo nimshukuru. Ikatoka shikamoo nyingine, ingawa nilikwisha kumwamkia.